Usambara kwa baiskeli: Mlima uliopanga miji

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33. Kwa Kosta ni safari ya saa moja na ushee, na abiria wengi huimaliza wakiwa wamesinzia. Kwa baiskeli yenye mzigo ni kazi ya nusu siku, na hakuna anayesinzia. Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto iko karibu mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 1,000, ambayo mtu wa basi huisikia masikioni tu, ndiyo iliyoamua nani atawale Usambara, ajenge wapi, afanye biashara na nani na akimbilie wapi siku mambo yakiharibika. Wafalme wa Kikilindi, ukoo uliotawala milima hii, waliijua. Wafanyabiashara wa bunduki waliijua. Wamisionari, Wajerumani na Waingereza waliijua, kila mmoja kwa faida yake. Mwendesha baiskeli naye huijua, tena kabla hajafika kona ya kumi.

Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Bonde la mto Lwengera limeigawa mara mbili, Usambara Mashariki yenye Amani na Muheza, na Usambara Magharibi yenye Soni, Lushoto, Mlalo na Mtae. Safari inayozungumzwa hapa ni ya magharibi. Ina lami ya kutosha kwa anayeanza, udongo wa kutosha kwa mzoefu, na miji ya kihistoria iliyo karibukaribu kiasi kwamba kila jioni unaweza kulala katika karne nyingine.

Anzia bondeni

Watu wengi huanza Mombo. Ushauri wangu ni kuanza Mazinde, kijiji kilicho kando ya barabara kuu iendayo Same na Moshi, kaskazini-magharibi ya Mombo. Hapo hakuna kivutio cha kulipia kiingilio. Kuna mkonge, kuna reli, kuna maduka, na nyuma yake kuna ukuta wa mlima uliosimama wima hadi Irente, mahali ambapo watalii huja kutazama chini. Wachache kati yao huambiwa wanachokitazama.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Mazinde ulikuwa mji wenye nguvu kuliko mji wowote wa mlimani. Alikaa hapo Semboja, mmoja wa wana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita chini ya mlima, ikibeba nguo na bunduki ikienda, na pembe za ndovu na watumwa ikirudi. Aliyekaa juu alizisikia habari za bunduki. Aliyekaa chini alizinunua. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ufalme ulirithiwa na mjukuu wake, kijana Shekulwavu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alipanda na jeshi lake, Vuga, mji mkuu wa ufalme ulioko mlimani, ikaanguka na Shekulwavu akakimbia.

Jambo la kutafakari ni alichofanya Semboja baada ya kushinda. Hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe kwenye kiti cha ufalme, yeye akarudi Mazinde. Kiti kilibaki mlimani lakini nguvu ilikuwa imeshuka barabarani, na mwenye akili alikaa karibu na nguvu. Ukisimama Mazinde na baiskeli yako, ukitazama ukuta ule unaotakiwa kuuzunguka na kuupanda, uamuzi wa Semboja hauhitaji maelezo marefu.

Wajerumani walipojenga reli ya Usambara walifuata njia ileile ya misafara. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Haikujaribu hata mara moja kupanda mlimani. Ilipita miguuni pake, na mkonge ukaifuata. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Amerika ilisalimika 62 tu. Mistari ya mkonge utakayoipita asubuhi ukielekea Mombo ni uzao wa biashara iliyoanza na miche ile michache.

Tahadhari moja kuhusu kipande hiki: ni barabara ya malori na mabasi ya Arusha, na dereva wa basi lililochelewa hamhesabu mwendesha baiskeli. Toka alfajiri mara kunapopambazuka, vaa nguo ya rangi kali, na ukisikia honi ndefu nyuma yako ondoka kwenye lami bila kujadiliana.

Hesabu ya mlima

Mombo ni mji wa baiskeli. Huku bondeni ardhi ni tambarare, na baiskeli za gia moja zenye keria pana hubeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, majani ya ng'ombe na mke wa mtu akienda kliniki. Mafundi wapo chini ya miti, wana gundi, viraka, spoku na majibu ya kila swali. Ukiingia barabara ya Lushoto, baiskeli hizo zinapungua kila kona. Mlimani mzigo huenda kwa kichwa, kwa bodaboda au kwa Fuso. Vijana wa bodaboda watakupita, watapunguza mwendo, na watakuuliza kwa huruma ya kweli kwa nini mtu mwenye uwezo wa kununua baiskeli yenye gia zote hizo akose nauli.

Swali lao lina hesabu ndani yake. Chukua mwendeshaji wa kilo 70, na baiskeli pamoja na mizigo ya kilo 30. Kuinua kilo hizo 100 kwenda juu mita 1,000 kunahitaji nishati ya kilokalori 235 hivi. Lakini msuli wa binadamu hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto na jasho. Kwa hiyo mlima peke yake unadai karibu kilokalori 1,000, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa barabara. Hizo ni zaidi ya kilo moja ya ndizi mbivu, tena zilizokwisha kumenywa. Anayepanda Soni kwa chai ya rangi na andazi moja atalipia deni hilo kabla ya saa nne asubuhi.

Hesabu hiyo haikuanza na baiskeli. Kila mpagazi aliyepandisha mzigo kichwani aliilipa kwa mwili wake, na ndiyo maana bidhaa nzito za misafara zilibaki bondeni. Juu zilipanda vitu vyepesi vyenye thamani kubwa, kama nguo, shanga na habari.

Kutoka Mombo hadi Soni ni kilomita 18 hivi, na hapo ndipo penye kazi. Kwa wastani barabara hupanda zaidi ya mita 4 katika kila mita 100, ila wastani huficha mengi. Kuna vipande vinavyokupa nafasi ya kuzungumza na kuna kona zinazokunyang'anya pumzi. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ambao si wa aibu hata kidogo, utatumia zaidi ya saa mbili. Barabara imechongwa kwenye ubavu wa korongo, mto uko chini yako, ukuta wa mwamba uko upande wa pili. Walioitengeneza kwanza zama za Wajerumani walikuwa na lengo moja, kuunganisha stesheni ya Mombo na makao yao ya juu.

Hewa nayo hubadilika. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo aliyeondoka Mombo akitokwa jasho huingia Lushoto akitafuta sweta. Mimea hufuata joto. Mibuyu na mkonge huachwa nyuma, migomba huingia, kisha mabonde ya kabichi, karoti na maharage. Pale Soni, maporomoko ya maji yako karibu na barabara, na wauzaji wa matunda wako karibu zaidi. Msimu ukifika utakuta mapeasi, plamu na mapichi, miti iliyoletwa na wageni na ikakubali ardhi kuliko wageni wenyewe walivyokubaliwa.

Vuga, mji usio na bango

Wapita njia wengi hunywa soda Soni na kuendelea kushoto kuelekea Lushoto. Nawaomba wakunje upande wa pili, barabara ya Bumbuli. Huko ndiko iliko Vuga, mji mkuu wa Wakilindi.

Kisa cha mwanzo wake kimo katika *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mwandishi aliyewahi kuwa karibu na utawala wa Semboja. Ni moja ya kazi za mwanzo kabisa za nathari ndefu ya Kiswahili, na kilianza kuchapishwa Magila, Tanga, mwaka 1895. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alifukuzwa kwao kwa kuwa alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Akaingia Usambara na mbwa wake, akiwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akiwagawia wenyeji nyama. Alipokuwa akielekea Vuga aliua simba, na watu wa Vuga wakampa utawala. Tangu hapo wafalme wakaitwa Simba Mwene. Wanahistoria wanauweka mwanzo wa ufalme huo katika karne ya 18.

Mtu anaweza kukisoma kisa hicho kitini. Lakini ukikifuata kwa baiskeli utaona jambo ambalo msimulizi hakuhitaji kulieleza kwa wasikilizaji wake, kwa sababu walikuwa wakilitembea kila siku. Vuga ipo mahali ambapo huwezi kufika kwa bahati mbaya. Njia hushuka bonde, hupanda mgongo wa kilima, hushuka tena, hupanda tena. Mvamizi aliyetoka nyikani angefika akihema, na angeonekana mapema. Mvua nazo huja kutoka Bahari ya Hindi na kuangukia mabega ya kusini na mashariki ya milima hii, huku upande wa nyika ya Mkomazi ukibaki mkavu. Mfalme wa Vuga aliaminiwa kuwa na nguvu juu ya mvua, akilipwa kodi mvua zikinyesha na akilaumiwa zikikosa. Aliyekaa pale alikaa mahali pazuri pa kufanya kazi hiyo.

Kimweri ye Nyumbai aliitawala Vuga tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na himaya yake ilifika hadi pwani, ambako mamlaka yake yalikutana na ya Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda kumwona mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Februari 1857 walifika Richard Burton na John Hanning Speke, kabla ya safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika, wakamkuta mfalme mzee na mgonjwa. Wageni hao wote walipanda kwa miguu. Mwenyeji hakushuka kumlaki mtu, na hiyo ilikuwa sehemu ya heshima ya mji: anayetaka kumwona mfalme sharti agharimie mlima.

Baadaye wamisionari wa Kilutheri nao walijenga Vuga, na kiwanda chao cha uchapishaji kilitoa vitabu vya dini vya Kiswahili na Kisambaa, lugha ya wenyeji, vilivyosambaa mbali na milima hii. Mji uliowahi kuamuru watu wapande ukawa mji unaoteremsha karatasi. Leo Vuga ni vijiji, migomba, makanisa, misikiti na makaburi ya watu wakubwa. Usitarajie kuta za ngome. Nenda na mwenyeji, salimia wazee kwa shikamoo, na usiingie mahali pa makaburi bila ruhusa. Mwenye kusalimia vizuri huonyeshwa mengi kuliko mwenye kamera kubwa. Ukiendelea mbele zaidi, kuelekea Bumbuli na Mponde, utaanza kuyaona mashamba ya chai.

Lushoto, mji wa baridi ya mkoloni

Kutoka Soni hadi Lushoto ni kilomita 15 hivi, na baada ya Vuga zinapita kwa urahisi. Barabara hufuata bonde, inapanda polepole, na miti ya kando yake inatoa kivuli.

Lushoto haikuwa makao ya mfalme. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili, wakaufanya makao ya wilaya. Waliutaka kwa sababu ambayo Wakilindi hawakuijali, yaani ubaridi. Pwani ilikuwa na malaria na joto, huku kulikuwa na hewa inayofanana na ya kwao. Maofisa walipumzika hapa, walowezi wakachukua ardhi, wakalima kahawa, mboga na matunda. Majeshi ya Waingereza yaliuteka mji mwaka 1916, na watawala wapya wakaurithi pamoja na sababu zilezile za kuupenda.

Alama za zama hizo bado zipo kwenye majengo ya zamani yenye mapaa ya mteremko mkali na kwenye miti iliyopandwa kwa mstari. Lakini Lushoto ya leo inaongozwa na soko. Alfajiri za siku za soko, wanawake wa Kisambaa wanashuka kutoka vilima vyote vinavyouzunguka mji, mizigo kichwani, kwa njia za miguu ambazo baiskeli haziwezi. Kabichi na karoti zinazoliwa Dar es Salaam jioni mara nyingi zimeanza safari hivyo. Kwa mwendesha baiskeli, Lushoto ni mahali pa kulala, kufua, kukaza boliti na kula makande. Jioni panda Irente, kilomita chache tu, uitazame Mazinde kutoka juu. Tofauti na watalii wengine, wewe utakuwa unajua nani alikaa pale chini, na kwa nini hakutaka kupanda.

Msitu, kamba na mierezi

Nje ya Lushoto barabara hupanda tena, safari hii kwa nguvu, hadi Magamba. Hapo msitu wa asili unaanza, na sasa ni hifadhi ya mazingira asilia yenye vilele vinavyopita mita 2,200. Mbega weusi huruka juu ya barabara, na vinyonga wasiopatikana kwingine duniani hujificha kwenye vichaka vya pembeni. Milima ya Tao la Mashariki ni mizee na imekaa na unyevu wa bahari kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo viumbe vingi vimebadilikia humohumo. Ua dogo la zambarau linalowekwa madirishani Ulaya na Marekani, lililopewa jina la Saintpaulia, lilitoka Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892. Kuingia msituni kunahitaji kibali na ada, na njia nyingine zinahitaji mwongozaji.

Upande wa Shume, msitu huu ulikuwa na mierezi, mti uliotakiwa sana kwa mbao na kwa penseli. Tatizo lilikuwa lilelile, mali iko juu na reli iko chini. Kampuni ya Wilkins & Wiese haikujaribu kuishusha kwa barabara. Iliagiza njia ya kamba za chuma, kazi ya kiwanda cha Bleichert cha Ujerumani, ikaining'iniza kutoka kiwanda cha mbao cha Neu-Hornow hadi stesheni ya Mkumbara, karibu na Mazinde. Magogo yakawa yanaelea juu ya majabali na kutua bondeni. Mtu aliyetoka kupanda kwa baiskeli hatashangaa kwamba waliona ni nafuu kuning'iniza msitu hewani kuliko kubishana na mteremko.

Mlalo na Mtae

Baada ya Magamba, sehemu kubwa ya njia za juu ni udongo mwekundu. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni utelezi unaonasa kwenye magurudumu hadi yasizunguke. Njia ya Malindi na Lukozi inapita katikati ya mashamba ya mboga yaliyopandwa hadi kwenye miteremko ambayo mtu angesita kuisimamia, achilia mbali kuilima.

Mlalo umekaa katika bakuli la milima, na una nyumba za ghorofa za udongo zenye roshani za mbao, aina ambayo msafiri haitarajii kuikuta umbali huu kutoka pwani. Wamisionari Paul Wohlrab na Ernst Johanssen walianzisha hapa kituo mwaka 1891 na kukiita Hohenfriedeberg. Lakini kwa Watanzania, jina la Mlalo lina uzito mwingine. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha hapa mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, kazi ngumu ambayo sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, na asiyechimba aliadhibiwa. Wasambaa waligoma, wakaandamana, wakapeleka malalamiko. Chuki dhidi ya matuta ilikipa chama cha TANU wafuasi wengi milimani, na kufikia mwaka 1957 mpango ulikuwa umekufa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtu wa mlimani anahitaji kufundishwa mlima kwa viboko. Miaka ya baadaye wakulima walikubali matuta na miti katika miradi iliyowasikiliza, na ukipita leo utayaona yakizuia udongo kwenye mashamba yaleyale.

Mtae iko mbali zaidi, siku nzima ya kukanyaga kutoka Lushoto kwa mtu asiye na haraka. Kijiji kimekalia ncha ya mgongo wa mlima, na ardhi inakatika pande tatu. Mbele kuna mbuga ya Mkomazi, kushoto Milima ya Upare, na kaskazini tambarare za Kenya. Anga ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana. Aliyeishi hapa aliwaona Wamasai, wafanyabiashara na majeshi siku moja kabla hawajafika.

Kabla hujafunga mzigo

Mpanda ngazi hushuka, na kwa baiskeli kushuka ndiko kunakoumiza watu. Nishati yote uliyoilipa kwa kupanda inarudi, na kama hutaki kuruka korongoni sharti uigeuze joto kwenye breki. Baiskeli yenye breki za rimu ikishuka na mzigo mzito inaweza kupasha rimu hadi tyubu ipasuke. Usibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ukitumia ya mbele na ya nyuma, na simama kila baada ya kilomita chache rimu zipoe. Badilisha raba za breki Mombo au Korogwe kabla ya kupanda, maana mafundi wa baiskeli hupungua kadiri unavyopanda na vipuri hupungua zaidi.

Baiskeli ya gia moja itafika, ila utaisukuma sehemu kubwa ya njia, na hakuna anayekukataza. Yenye gia ndogo ya kutosha itakuwezesha kukaa kitini. Tairi nyembamba za mashindano ni za lami ya Mombo–Lushoto tu, zaidi ya hapo chukua tairi pana. Beba tyubu mbili, gundi na viraka, pampu, spoku kadhaa, kiungo cha mnyororo na taa. Maji yapo vijijini, lakini beba lita mbili kwa kipande cha Mombo–Soni, ambacho jua hukipiga mapema.

Kuhusu majira, epuka masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo zinapoharibika na maporomoko ya ardhi si jambo geni. Juni hadi Septemba ni majira makavu, japo usiku ni baridi ya blanketi mbili. Januari na Februari ni wakati wa matunda. Malazi yapo Soni na Lushoto kwa kila mfuko. Mlalo, Mtae na vijiji vya kati kuna nyumba za wageni za kawaida na vituo vya dini vinavyopokea wasafiri. Wenye siku za ziada wanaweza kushuka kutoka Mlalo kuelekea tambarare za Umba, au kurudi bondeni na kuvuka kwenda Muheza na Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902.

Utalii wa baiskeli Usambara unakua, na mwongozaji mzuri hupatikana Lushoto bila shida. Tatizo ni kwamba njia nyingi zinazouzwa huanzia na kuishia Lushoto, mji mdogo kwa umri kuliko Vuga na Mazinde, kwa sababu ndiko kwenye vitanda. Mgeni anaondoka akiamini historia ya milima hii ilianza na Wilhelm wa Pili. Halmashauri za Lushoto, Bumbuli na Korogwe zingeweza kulirekebisha hilo kwa gharama ndogo, kwa bango moja Mazinde, jingine njia panda ya Soni, na vijana wachache wa Vuga waliofunzwa kuongoza wageni na kulipwa kwa kazi hiyo. Shule za sekondari za Tanga zina wanafunzi wanaokariri jina la Kimweri kwa ajili ya mtihani na hawajawahi kupelekwa alikotawala.

Mpaka hayo yafanyike, panga ratiba yako mwenyewe kwa mfuatano unaoeleweka. Lala Mombo, anza asubuhi Mazinde, panda Soni, kunja kwenda Vuga, ndipo uende Lushoto, Mlalo na Mtae kama siku zinaruhusu. Na kama una siku mbili tu na lazima uache kitu, acha Lushoto. Vuga usiiache.